Mlango Nisioweza Kuufunga

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote, mwanangu, ni ile ambayo kijiji kizima kilifunga milango mchana kweupe, na mlango wa kwetu peke yake ukabaki wazi. Usidhani ulibaki wazi kwa sababu tulikuwa watu wema kuliko majirani. Ulibaki wazi kwa sababu mimi niliyekuwa ndani sikuweza kuinuka kuufunga. Nitafika huko. Mzee hakimbizwi, hasa mzee mwenye mguu mmoja mzima, kwa hiyo kaa vizuri, acha kutazama njia, unisikilize.

Juzi ulikaa hapo hapo ukaniuliza jambo huku umeinamisha kichwa. Umeugua mwaka hadi mwaka, umeombewa na kila anayejua kuomba, na bado hujapona. Ukaniuliza mateso yasiyokwisha yana maana gani kwa mtu anayemwamini Mungu. Sikukujibu. Swali kama hilo ukilijibu upesi unamtukana aliyeuliza. Mimi niliwahi kujibiwa upesi, na hadi leo nikikumbuka nakasirika.

Nilikuwa kijana wakati wa Mjerumani, huku kwetu Ugogo, katika kijiji kilichokuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Buigiri. Nilikuwa mmoja wa wale walioitwa wasomaji, ndio Wakristo wa kwanza, tuliojifunza herufi na Injili kwa mwalimu aliyekuwa na kibanda chake kando ya kijiji. Nilibatizwa jina la Yakobo, nikajiona kidogo. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na mchumba, na baba alikuwa ameshaanza kuwatenga ng'ombe wa mahari. Kisha reli ikaja.

Watu wa Mjerumani walipokuja kuchukua vijana wa kujenga reli, nilikwenda mimi na rafiki yangu Masima. Tulizaliwa msimu mmoja, tukatahiriwa siku moja, na hapakuwa na jambo ambalo Masima hakulifanyia utani. Kazi yetu ilikuwa kubeba vyuma vya reli, watu wengi chuma kimoja, tukiimba ili mabega yashuke pamoja. Siku moja mtu wa mbele alijikwaa, chuma kikatuponyoka, kikauangukia mguu wangu wa kulia. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema, na mimi niliumbwa upya palepale kwenye kokoto. Masima alinibeba mgongoni hadi nyumbani. Njia nzima ananiambia kwamba mimi ni mzito kuliko reli, kwamba bora angebeba reli yenyewe, na mimi nalia na kucheka kwa pamoja.

Mfupa uliunga vibaya. Kidonda nacho kikakataa kufunga, kikawa kinapona juu na kuoza chini. Mvua zikaja zikapita, mtama ukavunwa, mvua nyingine zikaja, mimi niko kwenye ngozi ya ng'ombe. Mchumba wangu akaolewa Nzuguni. Sikumlaumu, maana nani atamngoja mtu anayeoza? Ila siku niliyoambiwa niligeukia ukutani, na nikabaki hivyo muda mrefu.

Wewe umezaliwa chini ya bati, kwa hiyo nikueleze. Tembe ya Mgogo ina chumba cha mbele, kinaitwa ikumbo, ndipo wageni wanapopokelewa. Nyuma yake kuna chumba cha ndani, kugati, chenye giza, jiwe la kusagia na nafaka ya nyumba. Mgonjwa wa siku nyingi alilazwa kugati. Ni desturi, na ilikuwa na huruma ndani yake: macho ya watu yasimpate, upepo mbaya usimfuate. Lakini wageni waliishia ikumbo. Walimuuliza mama hali yangu, wakasema pole, wakaondoka, na mimi nilikuwa nazisikia sauti zao kupitia ukuta wa udongo.

Wachache walioingia ndani waliingia na majibu. Baba yangu, ambaye hakuwa msomaji, alisema nimewaacha mababu zangu nao wameniacha. Alitaka mganga aje autoe ugonjwa, aupeleke mpakani upande wa magharibi, jua linakozama, ambako wazee walizoea kuyatupa mabaya. Wasomaji wenzangu wao walisema nimeficha dhambi. Walipiga magoti kuizunguka ngozi yangu wakanisihi niitaje. Nikazitaja zote nilizozijua, na nyingine nikazitunga ili waende zao wakale. Mguu ukabaki vilevile. Mwalimu, aliyekuwa mtu mpole, akaniambia baada ya dhiki faraja. Nikamuuliza, "Baada ya lini, mwalimu?" Akanyamaza. Mpaka leo namshukuru kwa kule kunyamaza kuliko kwa methali yake, maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Nakuambia wazi kilichokuwa moyoni mwangu. Nilichoka. Sikumkana Mungu, ila nilimnunia. Nilimwambia achague moja, aniponye au anichukue, na nilipoona hachagui nikaamua kumsaidia. Mama akileta uji, nasema nimeshiba. Akileta maziwa, nayaacha yagande hadi inzi wayapate. Mbavu zikaanza kuonekana, na mama akawa anakwenda kulia kwenye zizi la ndama, akidhani sijui.

Ndipo vita vya Wazungu vikafika huku. Askari wa Mjerumani walipita kijiji kwa kijiji wakikamata wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Walimchukua Masima, wakamchukua na mwalimu wetu. Kwangu askari mmoja alichungulia kugati, akaziba pua, akaenda zake.

Mama yake Masima alikuwa mjane, na Masima ndiye mtoto wake wa pekee. Hakuwa msomaji. Hakuwahi kukanyaga kibanda cha mwalimu, na alisema wazi kwamba watu wanaoitazama karatasi kutwa nzima watapofuka. Lakini mwanawe alipochukuliwa, alianza kuja kwetu. Yeye hakuishia ikumbo. Alipita moja kwa moja hadi kugati, akakaa kando ya jiwe la kusagia, akanyoosha miguu, akanyamaza. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mimi nataka kufa kwa amani, na huyu mama amenikalia. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Mama," nikamwambia, "mimi sina la kukufariji. Nenda kwa watu wenye maneno."

"Nimekwenda," akasema. "Wenye maneno wamechukuliwa, na waliobaki wako mashambani. Nikipiga hodi, nyumba haina mtu. Wewe upo."

"Nipo kwa sababu siwezi kwenda popote."

"Sikukuuliza sababu. Nimesema upo."

Kisha akaiona kata ya uji pembeni yangu, imejaa inzi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini siku ile alinikemea hadi nikatamani kujifunika ngozi niliyolalia.

"Mwanangu alikubeba mgongoni kutoka relini," akasema. "Mgongo ule sasa uko chini ya mizigo ya watu, sijui wapi. Kila jioni namwekea fungu lake la ugali, nalifunika, asubuhi nawapa mbwa. Sijaambiwa amekufa, kwa hiyo sinyoi nywele. Sijaambiwa yu hai, kwa hiyo sicheki. Na wewe unakitupa kile alichokibeba. Kula!"

Nikala, mwanangu. Sikula kwa imani, nilikula kwa aibu.

Hakuishia hapo. Alitoka akamkuta baba ikumbo, akamwambia, "Mtoeni huyu mtoto kugati. Mtu aliyepo mkimficha, ni sawa na hayupo." Baba akakataa. Alisema kidonda kinanuka, wageni watakimbia, na tangu lini mgonjwa akalazwa mlangoni?

"Wageni gani?" akauliza Mama Masima. "Mara ya mwisho umempokea mgeni lini?"

Mtu mzima akishindwa mbele ya mke wa mwenzake hukasirika kwanza, kisha hukubali, na ndivyo baba alivyofanya. Wakanivuta pamoja na ngozi yangu hadi ikumbo, mlangoni kabisa, wakaweka chungu cha maji na kata karibu na kichwa changu.

Siku za kwanza niliona haya hadi nikafumba macho kila alipopita mtu. Lakini watu walianza kusimama. Mwanamke aliyechukuliwa mumewe alisimama kunywa maji, akakaa hadi ng'ombe wakarudi. Mzee mmoja alikuja kunisimulia habari za mwanawe, akazirudia kesho yake kana kwamba hajawahi kuzisema, na mimi nikazisikiliza upya. Sikuwa na hekima yoyote ya kuwapa. Nilisikiliza kwa sababu nilikuwa pale. Wasomaji waliobaki nao, wanawake wengi na wazee, wakaanza kukusanyika kwangu Jumapili, kwa kuwa mwalimu hayupo na mimi nilikuwa na kitabu cha Injili.

Jumapili moja niliwasomea habari za kusulubiwa. Mama Masima alikuwa amekaa nje ya kizingiti anachambua mlenda, anajifanya hasikilizi. Nilipofika kwa wale wahalifu wawili, yule mmoja anapomwomba Yesu amkumbuke, akainua kichwa.

"Hebu rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo huyo mwizi amepigiliwa misumari. Hawezi kumfuata Mungu wenu kokote."

"Hawezi, mama."

"Na Mungu wenu naye amepigiliwa."

"Ndiyo. Angeweza kushuka, lakini hakushuka."

"Basi ndiyo maana yule mwizi alimkuta," akasema, akarudia mlenda wake.

Mwanangu, nilishindwa kuendelea kusoma. Habari ile niliisoma mara nyingi nilipokuwa na miguu miwili, lakini macho yangu yalipita tu juu yake. Miaka yote niliyolala kugati nilimwaza Yesu kama mtu wa safari: yuko njiani, yuko ziwani, anamponya huyu, anamwinua yule, na mlango wangu anaupita. Sikuwahi kumwaza kama mtu asiyeweza kusogea, aliyelala jirani yangu. Nililia mbele ya watu wote, kijana wa jando, na wala sikujali.

Sasa ndiyo tumefika kwenye siku yenyewe.

Kilikuwa kiangazi, upepo wa vumbi unavuma tangu asubuhi. Habari zilikuwa zimeenea kwamba wapagazi walioachwa njiani na jeshi wanarudi makwao, na kwamba wanaleta ugonjwa wa kuhara damu. Kijiji cha jirani walimkaribisha mmoja, wakazika watu. Kwa hiyo alipoonekana mtu anakuja peke yake kutoka upande wa relini, mtoto mmoja wa wachungaji alipiga kelele, na milango ikaanza kufungwa. Baba na mama walikuwa mtoni wakichimba maji kwenye mchanga. Nilikuwa peke yangu.

Nilisikia makomeo yakiingia mahali pake, nyumba hadi nyumba. Kisha nikaisikia hodi ya yule mtu. Alibisha nyumba ya kwanza, kimya. Alibisha ya pili, kimya. Ya tatu ilikuwa ya Mama Masima, na huko nako kimya. Usinione mtakatifu: ningekuwa na mguu ningeinuka. Niliinyoosha fimbo yangu niusukume mlango, fimbo ikaishia hewani. Nikalala nikaomba apite.

Hakupita. Alisimama mlangoni mtu mrefu aliyekonda, mabega yamechubuka kwa mizigo.

"Hodi hapa," akasema. "Maji tu, ndugu yangu. Sitaingia."

Nikamwonyesha chungu. Akanywa, akapumua, akanywa tena. Kisha akauona mguu wangu, akaiweka kata chini taratibu.

"Mguu huo umevunjwa na nini?"

"Na reli."

Akakaa kizingitini bila kukaribishwa. Alikuwa Mrangi wa Kolo, huko Kondoa, mtu wa Kiislamu, anarudi kwao. Alisema jina la kijiji chetu lilimpotea kichwani, kwa hiyo amepita vijiji vingi vya Wagogo akimtafuta mtu aliyevunjwa mguu na reli, na kila alipofika walimfungia kabla hajamaliza kuuliza. Alikuwa amebeba mizigo pamoja na Masima. Masima alishikwa na tumbo njiani, akawa hawezi kutembea, na jeshi likaendelea. Yule Mrangi alibaki naye.

"Aliniambia, mtafute rafiki yangu wa mguu," akasema. "Akaniambia yeye utamkuta tu, hana pa kwenda. Alikuwa anacheka aliposema hivyo."

Hapo nikajua kwamba mtu huyu hasemi uongo, maana utani ule ulikuwa wa Masima na si wa mwingine.

"Nilimzika mimi," akaendelea. "Nikapanga mawe juu, fisi wasimfukue. Sikujua kwao wanaombaje, nikamsomea dua ya kwetu. Alisema mama yake atakuwa anamwekea chakula kila jioni. Alisema aambiwe asiweke tena."

Nilimwita Mama Masima kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Niliita hadi koo likakauka. Nikasikia komeo likitolewa, na nikamwona anavuka uwanja, na alipomwona yule mgeni amekaa na mimi nalia, alijua kabla hajafika. Alitaka kusikia mambo mawili tu: nani alimzika, na je, alikuwa peke yake alipokufa? Mrangi akamjibu yote mawili. Ndipo Mama Masima akaanguka chini akalia kilio alichokishikilia tangu mwanawe achukuliwe. Milango ikafunguka mmoja mmoja. Wanawake wakaja, wakamzunguka, wakamnyoa nywele palepale mbele ya nyumba yetu.

Jioni alirudi, kichwa kinang'aa. Mikononi alikuwa na fungu la Masima, ugali wa uwele na mlenda, limefunikwa kama siku zote. Akaliweka kati yangu na mgeni. "Hili ndilo la mwisho," akasema. "Kuleni." Mrangi akasema bismillahi, mimi nikafumba macho, tukala kutoka chombo kimoja, naye anatutazama hadi tukamaliza.

Kisha akasema, "Alibisha kwangu, Yakobo. Nilimsikia. Nilikuwa nimelishika komeo kwa mikono miwili. Mwenye habari za mwanangu nilimfungia mlango mimi mwenyewe."

"Hata mimi nilijaribu kufunga, mama," nikamwambia. "Fimbo haikufika."

Akanisogelea. Halafu akainama, akaushika ule mguu wangu, karibu kabisa na kidonda, wala hakuziba pua. Hakusema na mimi. Alisema na mguu. Akauambia, "Ahsante."

Mwanangu, usiende kusema mzee Yakobo anafundisha kwamba Mungu aliuvunja mguu wangu ili Mama Masima apate habari. Sisemi hivyo, na atakayekuambia hivyo mwombe akupishe. Chuma kile kiliangushwa na watu waliochoka kwa kazi ambayo hawakuiomba. Nitakapofika mbinguni nina maswali yangu, na nimeyapanga vizuri. Kidonda kilifunga miaka mingi baadaye, bila mganga na bila muujiza wa kusimulia, na mfupa, kama unavyoona, haujanyooka hadi leo. Mama Masima aliendelea kukaa nje ya kizingiti miaka mingi kabla hajaingia kuomba ubatizo, na hata baada ya hapo alisema karatasi zitatupofusha.

Lakini hili nalijua, na ndilo jibu langu la juzi. Maana ya mateso yangu sikuikuta nyuma, pale kwenye sababu, ambako sote tulikuwa tunaichimba: baba, wasomaji na mimi. Niliikuta mlangoni. Kwa hiyo usikubali kulazwa kugati, hata kwa jina la huruma. Usijifiche kwa aibu ya ugonjwa wako wala kwa hasira uliyonayo kwa Mungu. Yeye anazijua hasira, amezisikia nyingi kuliko zako. Kula chakula unacholetewa, kwa sababu kuna aliyekibeba. Weka maji karibu nawe. Atakuja mtu aliyefungiwa na wazima wote, atatafuta nyumba yenye mtu, na wewe utakuwepo. Hutakuwa na nguvu za kumsaidia, utakuwepo tu, kama Yule aliyepigiliwa misumari alivyokuwepo kwa mtu aliyekuwa pembeni yake. Na siku ambayo hakuna anayebisha, kumbuka kwamba Yeye bado yuko hapo pembeni. Hajaondoka.

Basi sogea nikuwekee mkono. Mungu aliyekubali kukaa palipo na maumivu akae nawe kwenye ngozi yako. Akupe uzima ikiwa ndivyo apendavyo, na sitaacha kumwomba hilo hata siku moja. Na kabla ya uzima akupe hamu ya kula, usingizi, na mtu wa kukaa kando yako asiye na haraka ya kusema. Mwenye kiu aujue mlango wako. Amina.

Na ukitoka, mwanangu, uache mlango hivyo hivyo.